Mashine Inasema Diski Iko Sawa, Mbona Hesabu ya Chama Hailingani?

Hebu tumchukue mweka hazina wa chama cha akina mama pale Karatina. Ni mfano tu, si mtu tunayemjua kwa jina, lakini ukikaa nyuma ya kaunta ya wakala wetu yeyote kati ya Nyeri na Nanyuki, utakutana na mtu kama yeye kabla ya saa sita mchana. Wanachama wako 22. Kila Jumamosi kila mmoja hutoa shilingi 500. Wengine wanatuma kwa simu, wengine wanamwekea noti mkononi pale pale sokoni, katikati ya mafungu ya karoti na viazi. Yote anayaandika kwenye laptopu ya mwanawe, faili moja ya jedwali: jina, tarehe, kiasi.

Jumatano usiku laptopu ikajiapdeti. Alhamisi jioni ikaganda katikati ya kazi, akaizima kwa nguvu kwa kubonyeza kidude cha kuwashia. Ilipowaka tena ikaleta maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, kwamba diski ina makosa, je, yarekebishwe? Akaibeba mbio hadi saiba.

"Mathe, hii ni kazi ya dakika tano," kijana wa saiba akamwambia.

"Kijana wangu, humo ndani mna pesa za watu."

"Usijali, mathe. Pesa haziko humu."

Kijana akajibu "ndiyo" kwa kila swali lililotokea, bila hata kulisoma. Mashine ikawaka. Faili ilikuwepo, ikafunguka vizuri, diski ikatangazwa kuwa nzima. Mama akalipa shilingi zake, akaenda nyumbani akiwa ametulia. Jumamosi hesabu ikagoma. Wanachama watatu waliolipa hawana mistari yao, na mistari ya wiki za nyuma imejirudia mahali ambapo ya wiki hii ilipaswa kuwa. Sasa simama mbele ya wanawake 21 useme kwamba kompyuta imekula. Unajua wenyewe maneno yatakayoanza kunong'onwa.

Yule kijana alisema jambo moja la kweli na akakosea jingine. Pesa kweli hazikuwa humo. Salio lako halikai kwenye laptopu, wala kwenye simu, wala kwenye ile programu yetu unayoifungua kila asubuhi. Linakaa kwenye mitambo yetu, na simu ni dirisha la kuliangalia tu. Tangu huduma za pesa kwa simu zianze Kenya mwaka 2007 imekuwa hivyo. Kwa hiyo simu ikifa, toa laini, iweke hata kwenye kabambe ya jirani, uangalie salio. Utalikuta.

Alipokosea ni pale alipodhani kwamba diski ikishapita ukaguzi, basi vilivyomo ndani vimepona.

Kompyuta huweka faili zako kwa mpango unaoitwa mfumo wa faili. Fikiria stoo ya kiwanda cha kahawa, kama vile vilivyotapakaa huku kwetu kuanzia Othaya hadi Kerugoya. Kuna magunia yamepangwa kwa safu, na kuna daftari la stoo linalosema gunia lipi ni la nani na liko safu gani. Bila daftari, magunia yapo lakini hakuna anayejua la nani. Ile programu inayokagua diski, ambayo kwenye Linux inaitwa fsck na kwenye Windows inaitwa chkdsk, ni kama mkaguzi anayekuja na daftari mkononi. Anatazama kama kila gunia limeandikwa. Anatazama kama kuna gunia moja lililoandikwa wenyewe wawili, na kama nafasi inayosemekana kuwa tupu ni tupu kweli. Pale daftari na safu zinapotofautiana, anasahihisha.

Lakini hafungui gunia. Kama ndani mna mawe badala ya kahawa, yeye ataweka alama ya sawa na kwenda zake. Hiyo si kasoro yake, kazi yake ni daftari.

Mara nyingi hilo linatosha, kwa sababu mara nyingi kinacholeta shida ni stima kupotea. Huku Mlima Kenya tunazijua jioni za mvua ya masika, taa inacheza mara mbili halafu giza. Tarehe 7 Juni 2016 ilikuwa nchi nzima: tumbili alikanyaga transfoma kwenye kituo cha Gitaru, pale mtoni Tana, na Kenya yote ikabaki bila stima kwa saa kadhaa. Kituo hicho kinazungushwa na maji yanayotiririka kutoka mlima wetu huu na kutoka Nyandarua. (Tumbili mwenyewe alipona, akachukuliwa na shirika la wanyamapori.) Kompyuta zilizokuwa zikiandika kitu dakika ile zilikatwa katikati ya sentensi.

Mifumo ya faili ya siku hizi imejiandaa kwa hilo. Ext4, ambao ndio mfumo wa kawaida kwenye kompyuta nyingi za Linux na umetangazwa kuwa tayari kwa kazi tangu mwaka 2008, kwanza huandika kwenye daftari dogo la pembeni kile unachokusudia kubadilisha, ndipo unabadilisha. Stima ikikatika, ukiwaka tena unasoma lile daftari dogo na kumalizia au kufuta kilichoachwa nusu. Sekunde chache tu, kazi imekwisha. NTFS wa Windows nao una daftari kama hilo. Ndiyo maana watu wamezoea kuona ukaguzi wa diski kama kitu cha dakika tano.

Hitilafu ya kerneli ni hadithi nyingine kabisa. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayosimama kati ya programu zako na vifaa vyenyewe. Hakuna programu inayoandika kwenye diski bila kupitia kwake. Kwa mfano wetu wa stoo, yeye ndiye mtunza stoo. Stima ikipotea, mtunza stoo ameitwa ghafla akaacha kazi nusu, na akirudi anajua alipoishia. Kerneli ikiwa na hitilafu, mtunza stoo mwenyewe anapeleka magunia mahali pasipo pake, kisha anaandika daftarini kwa mwandiko mzuri kwamba kila kitu kiko sawa.

Mambo haya yametokea, na si zamani. Mwishoni mwa mwaka 2018, watumiaji wa kerneli ya Linux namba 4.19 walianza kukuta diski zao za ext4 zimeharibika bila sababu. Kwa wiki kadhaa lawama zikaelekezwa kwa ext4. Baadaye ikaonekana kosa halikuwa hapo, lilikuwa kwenye sehemu nyingine ya kerneli inayopanga foleni ya kazi za diski, na Desemba mwaka huo likarekebishwa. Machi 2021 toleo la majaribio la 5.12 lilikuwa likiandika data ya muda juu ya faili za watu kwenye mashine zinazotumia faili ya kubadilishana kumbukumbu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilibandika jina jipya lenye maana ya "usitumie".

Kisa cha Desemba 2023 ndicho kinachofanana zaidi na cha mama wetu. Debian, moja ya familia kubwa za Linux na ambayo seva nyingi duniani zinaitegemea, ilikuwa inatoa toleo lake la 12.3 tarehe 9. Siku hiyo hiyo wakasimamisha. Kerneli iliyokuwemo, 6.1.64, ilikuwa imepokea rekebisho moja la ext4 lakini halikupokea rekebisho jingine lililopaswa kutangulia. Matokeo yake, kwa programu zinazoandika moja kwa moja kwenye diski kwa njia fulani, kerneli ilikosea kuhesabu ni wapi kwenye faili maandishi yanayofuata yanapaswa kuanzia. Yakatua mahali pasipo pake. Tarehe 10 likatoka toleo 12.4 likiwa na kerneli iliyosahihishwa. Sasa angalia: faili iko, ina mwenyewe mmoja, daftari halina dosari. Mkaguzi anapita anasema sawa. Ndani mna mawe.

Mama wetu huenda anatumia Windows kama wengi, na Windows nayo ina visa vyake. Apdeti ya Oktoba 2018 ilisimamishwa siku chache baada ya kutolewa, kwa sababu baadhi ya watu walikuta faili zao zimefutwa. Na Desemba 2020 Microsoft wenyewe walikiri kwamba kwenye kompyuta chache zilizopokea apdeti moja ya Windows 10, kuendesha chkdsk kwa amri ya kurekebisha kuliweza kuharibu mfumo wa faili hadi mashine isiwake. Yaani dawa ndiyo iliyokuwa ikiua. Ilirekebishwa, lakini kisa hicho tunakipenda kwa sababu kinamaliza ubishi kuhusu ile tabia ya kubonyeza "ndiyo, ndiyo, ndiyo".

Basi laptopu ikileta makosa ya diski baada ya apdeti, kitu cha kwanza ni kuacha kuiandikia. Usifungue faili "uone tu kama iko". Usipakue chochote. Kila dakika mashine inapowaka na kerneli mbovu, mtunza stoo mbaya yuko kazini. Izime.

Kisha usiikague ukiwa ndani ya kerneli ile ile unayoishuku. Hapa ndipo hata mafundi wazuri hukosea. Mkaguzi naye anapitia kwa mtunza stoo kufika kwenye magunia, hivyo kama mtunza stoo ndiye mwenye shida, marekebisho nayo yatatua vibaya. Kwenye Linux, menyu ya kuwashia kwa kawaida huwa bado na kerneli ya zamani kwenye machaguo ya ziada. Bora zaidi ni kuwasha mashine kwa flashi yenye mfumo mwingine kabisa. Fundi anayejua kazi yake anayo hiyo flashi mfukoni. Muulize. Akikuangalia kana kwamba umeongea Kichina, shukuru, beba laptopu yako, tembea.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote: nakili kwanza. Si faili moja moja, diski nzima, kwenye diski nyingine ya nje yenye nafasi ya kutosha. Kuna programu za bure za kufanya hivyo, ddrescue ikiwa mojawapo, na yenyewe haikati tamaa ikikuta sehemu mbovu. Inachukua saa kadhaa. Diski ya nje nayo si bei ya chapati, tunajua, lakini kuna mafundi wanaokodisha nafasi. Ukishakuwa na nakala, kosa lolote litakalofuata linaweza kurudiwa. Bila nakala, "ndiyo" ya kwanza ndiyo ya mwisho.

Halafu ndipo ukague, na ukague bila kurekebisha. Kwa ext4 amri ni e2fsck ikiwa na -n, yaani jibu "hapana" kwa kila swali, na mfumo wa faili ukiwa haujafunguliwa. Kwenye Windows, chkdsk isiyo na /f nayo inasoma tu. Angalia orodha inayotoka. Makosa mawili matatu madogo ni kitu cha kawaida. Orodha ikiteremka skrini baada ya skrini, faili hii inagombea nafasi na ile, hapo usirekebishe diski yenyewe. Fanyia kazi nakala.

Baada ya marekebisho, tafuta mayatima. Vipande ambavyo mkaguzi alivikuta bila jina huviweka kwenye folda iitwayo lost+found kwenye Linux, na kwenye Windows huwa folda ya found.000. Majina yamepotea, yamebaki manambari, lakini ukivifungua kimoja kimoja unaweza kukuta ile karatasi uliyoililia. Watu wengi hufuta folda hizo wakidhani ni takataka.

Simu ni ndogo kuliko laptopu lakini ndani mna mambo yale yale. Android inakaa juu ya kerneli ya Linux, na data yako humo huwa kwenye ext4 au kwenye F2FS, mfumo ulioanzia Samsung. Huwezi kuendesha ukaguzi mwenyewe, simu hujikagua inapowaka. Ikishindwa, inakuletea skrini inayosema kwamba haikuweza kufungua Android na huenda data yako imeharibika, na chini yake machaguo mawili: jaribu tena, au futa kila kitu. Watu wakiwa na haraka ya kutuma pesa hubonyeza la pili. Bonyeza la kwanza. Toa laini uendelee na shughuli zako kwenye kabambe, ichaji simu hadi ijae, ujaribu tena, na tena.

Kwa sababu ukishafuta, umefuta. Simu zilizotoka na Android 10 na kuendelea huweka data ikiwa imefungwa kwa ufunguo, na kufuta kila kitu hutupa ufunguo huo. Mtu yeyote pale stendi anayekuambia atakurudishia picha baada ya hapo, labda ziwe zilihifadhiwa mtandaoni, anakuuzia hewa. Kadi ya kumbukumbu ni tofauti kidogo. Simu ikisema kadi ina hitilafu na inataka kuiandaa upya, kataa, itoe, isomwe kwenye kompyuta kwanza. Na kama uliinunua kwa bei ya ajabu barabarani, inawezekana kerneli haina kosa lolote. Kuna kadi zilizoandikwa nafasi kubwa ambayo hazina, na zikijaa kweli zinaanza kumeza faili kimyakimya.

Wakati wa shida kama hizi ndipo matapeli hupiga simu. Wanasema wao ni watu wetu, mfumo umesumbua, wanataka PIN ili warudishe rekodi zako. Sisi hatuna haja ya PIN yako kuona rekodi, ziko kwetu. Fundi naye hana haja nayo kukarabati chochote. Ukimwachia simu, toa laini ubaki nayo.

Turudi kwa mama wa Karatina, maana tumemwacha amesimama mbele ya wenzake.

Hawezi kuiuliza mashine tena, mashine imeshasema kila kitu kiko sawa. Anachohitaji ni rekodi iliyokaa mahali ambapo kerneli ile haikufika. Yetu ni mojawapo. Akiomba taarifa ya akaunti kupitia menyu au programu, kila mchango uliotumwa kwake kwa simu utakuwemo, na jina la mtumaji, tarehe, saa na nambari ya muamala. Sio picha ya skrini iliyokuwa kwenye simu yake, bali orodha kutoka upande wetu. Anakaa na katibu, wanaweka taarifa kushoto na jedwali kulia, wanapita mstari kwa mstari kuanzia siku ya apdeti kurudi nyuma, na hawaachi kwenye kosa la kwanza. Kerneli haikuchagua wiki, kwa hiyo hata mistari inayoonekana mizuri inalinganishwa.

Halafu anakumbuka kwamba wiki mbili zilizopita alimtumia katibu ile faili kwa WhatsApp. Nakala hiyo ni ya kabla ya Jumatano. Wanaitoa kwenye simu ya katibu, wanaiweka kando ya ile iliyokarabatiwa, na mistari iliyojirudia inajitaja yenyewe. Hadi chai inapoiva wameshajenga upya karibu jedwali lote. Kati ya wale watatu ambao mistari yao ilipotea, mmoja alikuwa ametuma kwa simu, na saa yake ipo: Jumamosi iliyopita, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Waliobaki ni wawili waliolipa taslimu, shilingi 500 kila mmoja, sokoni, bila karatasi. Hizo elfu moja hazimo kwenye taarifa yetu wala kwenye faili ya katibu, na hakuna fsck ya kuzitafuta. Mmoja anasema aliitoa noti mbele ya muuza kabeji. Wanamtuma mtoto akamwite muuza kabeji.